Kipande cha Mwende Kwenye Mtaro

Mimi nimewanyima watu kazi. Naanza na hilo ili mjue anayewaandikia ni nani, ninyi mnaomaliza chuo na kutembea mkiwa na bahasha ya kaki kwapani. Kabla magoti hayajanikataa, nilikuwa nyapara wa vibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba huku kwetu Kitui. Kila asubuhi ya msimu nilisimama langoni. Nje watu walikuwa wengi, ndani nafasi zilikuwa chache, na mimi ndiye wa kusema: wewe ingia, na wewe, na wewe mama mwenye leso ya kijani. Waliobaki walinitazama. Yale macho sijayasahau, lakini yamenifundisha kitu, na hicho kitu sitaki kizikwe pamoja nami.

Shule nilisoma mpaka darasa la tatu. Kwa hivyo pale langoni sikuandika, niliweka watu kichwani, kila jina na baba yake na kwao. Nzioka wa Kimanzi, wa Migwani. Mbithe wa Ngui, wa ng'ambo ya mto. Hata leo nitajie msimu wowote, nitakutajia nani alishona magunia na nani alifagia. Watu hufikiri ni kipaji. Si kipaji. Mtu akiniambia jina, mimi hulirudia papo hapo nikimwangalia usoni, basi limekaa. Nanyi mkiingia kwa hao wakubwa wa intavyu, mmoja akisema anaitwa Bwana fulani, mwamkie kwa jina lake. Mara moja inatosha. Ukilitaja kila sentensi atafikiri unamuuzia sabuni.

Aliyenifundisha kuchagua watu ni Mzee Mutua wa Kilonzo, nyapara aliyenitangulia, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Siku yangu ya kwanza aliniweka kando yake, akaniuliza ningemchukua nani. Nikamwonyesha kijana mmoja mwenye mabega, aliyekuwa akipunga mkono na kuita mama, mama, niko hapa. Mzee Mutua akatikisa kichwa.

"Huyo anakuangalia wewe," akasema. "Mtafute anayeangalia kazi."

Sikuelewa. Akanielekeza kwa kidevu. Nyuma kabisa alisimama mwanamke mwembamba, shingo ameinyoosha, anachungulia katikati ya vyuma vya lango aone marobota yanapangwaje. Alikuwa Mbithe wa Ngui. Alikaa nasi mpaka kichwa chake kikawa cheupe, na si kwa pamba.

Sasa nyinyi mtaniuliza, Susu, maana ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, hiyo ni ya zamani, sisi tunatuma maombi kwa kompyuta, lango la kuchungulia liko wapi? Liko. Nitawaonyesha kwa mjukuu wangu Mwende.

Mwende ni binti ya binti yangu Ndinda, na amekaa kwangu tangu alipoota meno. Alisomea mambo ya kutengeneza vyakula, akapata diploma, tukachinja kuku. Halafu akaanza kutafuta kazi, na hapo ndipo kuku walianza kupumua, maana hapakuwa na la kusherehekea tena. Alituma maombi huku na huku. Siku nyingine alikuwa anapanda mlima wa nyuma ya shule kutafuta netiweki, anarudi miiba imejaa sketi.

Intavyu ya kwanza ilikuwa ya kuonana kwa simu. Akaenda mji mdogo wa Kabati kwa rafiki yake mwenye duka, akakaa chumba cha nyuma, amevaa vizuri juu, chini amevaa kaptura ya kucheza mpira, ati hawataona. Hakwenda kupaangalia mapema. Ukuta kwa ukuta na hicho chumba kuna mashine ya kusaga unga ya Mutinda. Alipofika tu pale pa kusema anaitwa nani, Mutinda akawasha. Mwende akapiga kelele, wale wakapiga kelele, hakuna aliyesikia mwenzake, mwisho akainuka kwenda kumwomba Mutinda azime, na kaptura ikaonekana. Mutinda alikuja kuniomba msamaha yeye mwenyewe, amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Akasema kama angeambiwa angesubiri, na ni kweli, Mutinda ni mtu mzuri. Kwa hivyo shikeni hilo: nenda mahali pa intavyu kabla ya siku ya intavyu, hata kama ni kwa simu, na uongee na majirani wa mahali hapo. Na uvae mpaka chini.

Ya pili ilikuwa Kitui mjini, ana kwa ana. Alirudi mikono mitupu. Siku kadhaa baadaye alipata mwito wa tatu, wa kiwanda kimoja cha maji ya matunda huko mjini Wote, na badala ya kufurahi aliketi kwenye kigoda jikoni akaniambia:

"Susu, hii ikikataa, siendi nyingine. Vyeti naviweka chini ya godoro, nauza mitumba Kabati."

Nikamwambia mitumba si aibu, imesomesha watoto wengi. Lakini anayeuza kwa kupenda na anayeuza kwa kukimbia si wauzaji wa aina moja, na wateja hujua. Akasukuma kuni motoni. Nilimwona ameamua, na Mwende akiamua ni kama punda wa Mwingi amesimama katikati ya barabara. Basi nikajua tuna nafasi hii moja.

Nikampa ungo wa mbaazi tumenye pamoja. Mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka, hilo nililijua kiwandani. Ikatoka polepole. Kule Kitui walikuwa wamemuuliza alifanya nini kwenye mafunzo ya kazini, yale mnayaita atachimenti. Aliyafanyia Makueni, kwa kikundi cha akina mama wanaokausha maembe. Akawaeleza: tulikata, tukapanga, tukaanika, tukafunga. Mmoja akamuuliza, na wewe? Mwende akatazama chini kwa adabu, akacheka kidogo, akasema ilikuwa ni sisi sote. Akaulizwa tena kwa njia nyingine, akajibu vilevile. Wakamshukuru, wakafunga faili.

"Na nilijibu vizuri," akaniambia. "Sikujisifu hata kidogo."

Mbaazi zikanitoka mkononi. Maana nilijua amelitoa wapi. Amelitoa kwetu.

Huku kwetu tunalima kwa mwethya, kikundi cha majirani wanaochimba shamba la mmoja leo na la mwingine wiki ijayo. Mwende alibebwa mgongoni kwenye mwethya kabla hajajua kutembea. Na kwenye mwethya, ole wako useme mimi nimechimba. Watakuuliza kama jua lisubiri mpaka umalize kujihesabu. Watakuita bosi mpaka jioni. Mtoto aliyekulia hapo akiulizwa amefanya nini, hujificha katikati ya wenzake kama kifaranga, na sisi tunamwita mwenye heshima. Ni heshima kweli. Lakini aliye upande wa pili wa meza hawezi kuajiri kikundi.

Kujua tatizo si kulitibu. Mimi nilijaribu kumwambia useme mimi, useme mimi, akanitazama kama nimemwambia aibe. Kwa hivyo nikaenda kwa Mwikali wa Musembi, mwenyekiti wa mwethya wetu, mwenye ulimi unaoweza kukata sukuma wiki. Yeye ndiye huanza kumwita mtu bosi. Nikaona aliyefunga fundo ndiye ajuaye kulifungua.

Kikundi kilipotoka kuchimba siku hiyo Mwikali akaja kwangu na Syokau, jirani yangu wa chini. Mwikali alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe juu ya leso, ati yeye ndiye mkurugenzi. Wakaketi barazani, Mwende akaambiwa atoke nje aingie kama mgeni.

"Karibu," Mwikali akasema. "Tuambie wewe ni nani."

"Naitwa Mwende, binti ya Ndinda, mjukuu wa—"

"Huyo Ndinda ndiye anatafuta kazi?"

Syokau akaanza kucheka, Mwikali akamkata jicho. Mwende akaulizwa kule kwa maembe alifanya nini. Akaanza: tulikata, tukapanga, tukaanika.

"Mlikuwa wangapi?"

"Sita."

"Mimi nafasi ninayo moja. Nifanye nini na hao watano? Wakae nje kwenye jua?"

Mwende akanigeukia, macho yameanza kulowa. Akaniuliza sasa nijisifu, Susu, si wewe ulinikanya tangu utotoni? Na ni kweli nilimkanya. Langoni kwangu watu walionyesha kazi kwa mikono, hakuna aliyenieleza kwa mdomo. Ni Mwikali aliyeinuka, koti likiwa bado mabegani, akasema twende.

Tukashuka mpaka shambani kwangu, ambako kikundi kilikuwa kimeanza mtaro mpya wa kushika maji. Sisi huchimba ule wa fanya-juu: unachimba mfereji kukatisha mteremko na udongo unautupa upande wa juu, uwe ukingo. Kila mtu hupimiwa urefu wake kwa fimbo moja, wote sawa, halafu vyote huungana kuwa mtaro mmoja. Mwikali akatembea ukingoni, sisi nyuma.

"Hiki kipande ni cha nani?"

"Cha Syokau," Mwende akasema.

"Umejuaje?"

"Kuta zake husimama wima, kama amekata kwa kisu."

"Na hiki?"

Mwende akasita. "Chako. Udongo unauacha karibu sana na mdomo, unarudi ndani."

Syokau alicheka mpaka akashika mti wa uzio. Mwikali akameza hiyo kama dawa, akasogea mbele.

"Na hiki?"

"Hicho ni changu. Nilikutana na jiwe, nikalizunguka, nikapanga mawe madogo hapo chini ili maji yasile ukuta."

"Umejisifu?"

Mwende akatazama lile jiwe.

"Nimekuuliza, umejisifu?"

"Hapana. Nimesema tu kilivyo."

"Basi," Mwikali akasema. "Mtaro ni wetu. Lakini kipande ni chako, na kila anayepita anakiona. Hao watu wa Wote hawajapita huku. Waonyeshe."

Mwende akaketi palepale ukingoni, na kwa mara ya kwanza tukasikia habari ya maembe. Kumbe siku za mawingu maembe yaliyoanikwa yalikuwa yanashika ukungu, na kikundi kilikuwa kinatupa mengi. Yeye kazi yake ilikuwa trei. Akaona zinazooza ni zile za chini, karibu na mlango wa kile kibanda cha nailoni wanachokaushia. Akaanza kuzizungusha, za chini ziende juu, za juu zije chini, halafu akachonga kijiti cha kupimia ili wakataji wote wakate unene mmoja. Ukungu ukaisha. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu wa Kitui hayo yote.

"Niliona ni kitu kidogo, Susu."

Wajukuu wangu, hapo nataka msimame. Kila mmoja wenu ana kitu kidogo cha namna hiyo na amekificha. Mmoja alipanga upya stoo ya chuo. Mwingine alikuwa akiwafundisha wenzake hesabu jioni. Hicho kidogo ndicho wanachokitafuta kwako, kwa sababu kikubwa kila mtu anacho kwenye karatasi, na karatasi zote zinafanana.

Tulijiandaa na mengine. Viatu vya kuazima kwa binamu vilikuwa vinabana, tukavijaza gazeti lililolowa usiku kucha, na kesho yake akatembea navyo uani mpaka akaacha kuchechemea. Siku ya safari avae ndala, viatu abebe kwenye mfuko, avae akifika karibu na lango. Nikamwambia atangulie Wote siku moja kabla, alale kwa shangazi yake, na mchana apite madukani. Anunue ile chupa ya maji ya embe ya hicho kiwanda, ainywe, asome maandishi yake, amuulize mwenye duka wateja husemaje. Hapo ndipo lango lilipo siku hizi. Unachungulia kazi ikiwa kwenye rafu ya duka.

Nikampa na ya Nzioka wa Kimanzi. Nilimuuliza Nzioka langoni kama anajua kushona magunia. Aliyetangulia mbele yake alikuwa ameapa kwamba anajua, akaenda akajishona kidole. Nzioka akasema, "Sijui, lakini jana nilisimama hapa nje nikaangalia mkono wa Mbithe. Anaanzia pembeni." Nikamfungulia. Sijui peke yake ni mlango umefungwa. Sijui yenye mguu wa pili inatembea.

Siku ya Wote iliangukia siku ya mwethya, na zamu ilikuwa imerudi kwenye shamba langu lenyewe. Kwenye kikundi chetu asiyekuja hachimbiwi. Labda awe mgonjwa au amefiwa. La sivyo, wengine huruka kipande chake na kuendelea mbele, na yeye atakuja kukimaliza kabla ya mvua. Kwa hivyo jioni ile mtaro wangu ulikuwa umefika mwisho wa shamba, isipokuwa pengo moja katikati, kama mdomo uliong'oka jino.

Mwende alirudi kesho yake. Tukamkalisha. Akasema walikuwa watatu, akawataja majina yote, nikafurahi kabla sijasikia mengine. Alipoulizwa ya atachimenti aliona mdomo unataka kukimbilia kwa wenzake. Akakumbuka ukingo wa mtaro. Akasema, "Tulikuwa sita. Kipande changu kilikuwa trei." Akawaeleza mpaka kile kijiti. Walimuuliza juu ya mashine moja ambayo hajawahi kuishika, akasema hajaitumia, na angeanza kwa kusimama siku nzima kando ya anayeitumia. Wakamuuliza kama ana swali. Akawauliza kwa nini chupa zao za embe huacha tope chini, maana mwenye duka amesema wateja hufikiri imeharibika. Wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema watampigia.

Watampigia. Hilo neno mnalijua. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Mwingi na simu haikulia. Mwende hakusema habari ya godoro, lakini niliona vyeti vimeshuka kutoka kwenye kabati vikawa juu ya kitanda.

Asubuhi moja akachukua jembe na beleshi, akasema anaenda kumaliza kipande chake mvua isimkute. Akanipa simu nimshikie, isiingie udongo. Mwikali na Syokau walikuwa wamepita kukata majani ya mbuzi, wakakaa nami ukingoni. Mwende alikuwa amezama mpaka kiunoni, na amebakisha kama urefu wa kitanda, simu ilipolia mapajani mwangu. Mimi hizi za kutelezesha kidole zinanishinda. Syokau ndiye aliyetelezesha.

"Halo, naongea na Mwende?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Ni susu yake. Mwende yuko ndani ya mtaro."

"Ndani ya nini?"

"Mtaro, mama. Anachimba. Usikate."

"Sawa," yule akasema, na nikasikia anaambia mtu wa kando yake, "Nimempata, yule msichana wa trei."

Sijui niliinukaje kwa magoti haya. Mwende akafuta mkono kwenye sketi, akapokea. Alisema ndiyo, ni mimi. Akasikiliza. Akasema ndiyo tena, na asante, na asante. Akanirudishia simu ikiwa na alama ya udongo.

"Jumatatu," akasema.

Syokau akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Halafu, kwa furaha, akashika beleshi la Mwende ashuke amsaidie kumalizia. Mwikali akamshika leso kwa nyuma.

"Mwache."

Tukaketi ukingoni, wanawake watatu, tukamtazama Mwende akichimba. Hakuharakisha. Alipofika mwisho akapanga mawe yake madogo chini ya ukuta, akapanda juu, na kutoka hapo mtaro ukawa mmoja.

Mvua ilikuja yeye akiwa Wote tayari, amepewa koti jeupe na kofia ya nywele. Ilipopungua nilitoka na gunia kichwani nikatembea ukingoni kuanzia mwanzo. Maji yalikuwa yamesimama sawa, kwa Syokau, kwa Mwikali, kwa kila mtu. Katikati nikasimama kidogo, nikatazama. Nikarudi nyumbani, nikamwita mtoto wa Syokau anibonyezee namba, nikamwambia Mwende kipande chake kimeshika maji.